Kutoka Kahawa hadi Chania: Asia na Marekani Zinavyokutana Kwenye Barabara ya Thika

Kwa miaka kadhaa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichopo Kahawa, aliweza kumaliza somo la Kichina saa nne asubuhi, akavuka ua wa chuo, na kabla ya chakula cha mchana akawa ameketi kwenye mafunzo ya uongozi yaliyolipiwa na Marekani. Taasisi ya Confucius ilianza kazi chuoni humo mwaka 2008 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Shandong. Mwaka 2015 kikafuata kituo cha Afrika Mashariki cha YALI, mpango wa Rais Barack Obama wa kuwanoa viongozi vijana wa Afrika. Obama mwenyewe alifika kituoni hapo Julai 26, 2015, akazungumza na watu wa mashirika ya kiraia.

Huko Marekani kwenyewe ujirani wa namna hiyo ulikuwa ukivunjika. Taasisi za Confucius zilikuwa takriban 100 katika vyuo vya Marekani mwaka 2019. Kufikia 2023 zilikuwa zimebaki chini ya tano, kwa sababu wanasiasa wa Washington walizishuku kuwa ni mkono wa serikali ya Beijing ndani ya madarasa yao. Kile ambacho vyuo vya Marekani vilikuwa vikikifunga, pale Kahawa kilikaa ua mmoja na kituo cha Wamarekani.

Ukitoka Kahawa kuelekea Ruiru, Juja na hatimaye Thika kwenye mto Chania, ujirani huo unakufuata njia nzima. Barabara yenyewe, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 9, 2012, ilijengwa na makampuni matatu ya Kichina, China Wu Yi, Sinohydro na Shengli, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, benki ya Exim ya China na serikali ya Kenya. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilijengwa kwa mkopo wa China. Chuo cha Juja ni zao la Japani. Mashamba ya mananasi yanayozunguka Thika yana jina la Del Monte, lililotoka California. Bidco, kampuni ya mafuta ya kupikia ya familia ya Shah iliyoanza kukamua mafuta mjini Thika mwaka 1991, iliingia ubia wa kutengeneza chakula cha mifugo na Land O'Lakes, chama cha ushirika cha wakulima wa Minnesota. Na ndani ya ekari 5,000 za Tatu City, Ruiru, kuna vijana wanaofanya kazi zamu ya usiku katika kituo cha simu cha CCI Global wakiwahudumia wateja wa ng'ambo.

Basi Asia na Marekani ziko hapa, zinajengana, zinashindana, wakati mwingine zinafanya kazi meza moja. Swali ambalo wakazi wa ukanda huu hawajapewa nafasi ya kutosha kuliuliza ni hili: nani anazisoma nchi hizo kwa niaba yao?

Wamarekani walijiuliza swali la aina hiyo kuhusu Asia zaidi ya miaka 70 iliyopita, na jibu lao linafaa kuangaliwa kwa makini.

Mwaka 1951 John Foster Dulles alikwenda Tokyo kuandaa mkataba wa amani kati ya Marekani na Japani iliyoshindwa vitani. Alimchukua John D. Rockefeller wa tatu, mjukuu wa tajiri wa mafuta, ashughulikie upande wa utamaduni. Rockefeller aliporudi alikuwa na hoja moja kubwa: mikataba ya serikali haitadumu ikiwa raia wa pande mbili hawajuani. Mwaka 1956 akaanzisha Asia Society mjini New York, shirika lisilo la faida lenye kazi ya kuwafundisha Wamarekani kuhusu Asia. Lilianza na sanaa, maonyesho na mihadhara. Rockefeller alifariki mwaka 1978, na mkusanyo wake wa sanaa za Asia, karibu vipande 300, ukawa mali ya shirika. Mwaka 1981 likahamia jengo lake la Park Avenue. Leo lina vituo Houston, Hong Kong, Manila, Seoul, Mumbai, Melbourne na kwingineko, na tangu 2014 lina taasisi yake ya sera, ambayo rais wake wa kwanza alikuwa Kevin Rudd, waziri mkuu wa zamani wa Australia.

Msomaji wa Ruiru anaweza kujiuliza sanamu za Buddha zinahusianaje na sera ya biashara. Uhusiano upo, nao ni wa kiutendaji. Ukumbi ambao leo una maonyesho ya vyombo vya kauri vya Korea, kesho utakuwa na waziri wa biashara wa Korea akihojiwa mbele ya wafanyabiashara, waandishi wa habari na maprofesa. Watu wanaokuja kuona sanaa wanazoeana na watu wanaoandika sheria. Mgogoro ukizuka, kuna mtu wa kumpigia simu ambaye si balozi na hajafungwa na msimamo wa serikali yake.

Mfano maarufu zaidi ni wa mpira wa meza. Aprili 1971 timu ya Marekani ilialikwa China wakati nchi hizo mbili hazikuwa na ubalozi wa kila upande. Mwaka uliofuata timu ya China ilipozuru Marekani, mwenyeji hakuwa wizara ya mambo ya nje. Alikuwa shirika jingine lisilo la faida, Kamati ya Taifa ya Uhusiano wa Marekani na China, iliyoundwa mwaka 1966, miaka ambayo hata kutamka kwamba Beijing inafaa kuzungumziwa kulimtia mtu mashakani.

Na mashaka hayo yalikuwa ya kweli. Kabla ya Asia Society kulikuwa na Institute of Pacific Relations, iliyoanzishwa Honolulu mwaka 1925 na kuheshimiwa kwa utafiti wake. Katika miaka ya 1950 wanasiasa wa Marekani waliokuwa wakiwasaka wakomunisti waliiandama, wafadhili wakakimbia, na mwaka 1960 ikavunjwa. Marekani ikaingia vita vya Vietnam ikiwa imewafukuza au kuwanyamazisha baadhi ya watu wake walioijua Asia vizuri kuliko wote.

Kenya ilikuwa na shirika lake la aina hiyo, ingawa si wengi wanaolikumbuka hivyo. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 kwenda New York. Nyuma yake alikuwa Tom Mboya, na upande wa Marekani lilikuwa African-American Students Foundation, shirika dogo alilolianzisha Mboya pamoja na rafiki yake mfanyabiashara William Scheinman. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia saini barua ya kuomba michango. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Kufikia 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka, akiwemo msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, aliyepelekwa chuo cha watawa katika mji wa Atchison, Kansas. Wakati huohuo India ilikuwa ikitoa nafasi za masomo kwa Waafrika, na Jaramogi Oginga Odinga akafungua njia ya kwenda Urusi, China na Ulaya Mashariki.

Shirika lile la Mboya lilifanya kazi yake likaisha. Halikuacha ukumbi, maktaba wala watafiti wa kuendelea kuisoma Marekani kwa macho ya Kikenya.

Kilichobaki imara zaidi katika ukanda huu kilitoka upande wa Asia, na kipo Juja.

Matatu ikiondoka Ruiru, baada ya Kimbo na Kwa Toll, wanafunzi wanaanza kujikusanyia mikoba. Juja leo ni mji wa maghorofa ya vyumba vya kupanga, vibanda vya chapati na maduka ya kupiga chapa, na mji huo umemea kuzunguka lango la Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, JKUAT. Maandalizi yalianza mwaka 1977, na mapema 1978 Mzee Kenyatta akatoa hekta 200 za ardhi. Japani ikatoa majengo, vifaa na wataalamu. Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 4, 1981, na Rais Daniel arap Moi akakifungua rasmi Machi 17, 1982. Kilianza kama chuo cha stashahada: uhandisi wa kilimo, teknolojia ya vyakula, kilimo cha mboga, matunda na maua. Mwaka 1988 kikawa chuo kishiriki cha Kenyatta, na Desemba 7, 1994 kikazinduliwa kama chuo kikuu kamili.

Majengo si jambo la ajabu. Wafadhili wengi hujenga majengo. La kuangaliwa ni jinsi watu walivyoandaliwa. Mtaalamu wa Kijapani alipewa mwenzake wa Kikenya wa kufanya naye kazi katika maabara moja au karakana moja. Baada ya muda Mkenya alipelekwa Japani kusomea shahada ya uzamili, wengine uzamivu, akarudi Juja kushika nafasi ambayo Mjapani alikuwa akiishikilia. Mradi wa kwanza mrefu wa JICA, shirika la misaada la Japani, ulipofikia tamati chuoni mwaka 2000, baada ya takriban miaka 20, waliobaki wakifundisha na kuongoza idara walikuwa Wakenya.

Ukitaka kuona matunda yake, nenda kwa mkulima wa ndizi. Kwa desturi mkulima huchimba chipukizi chini ya mgomba wa zamani na kukihamishia kwenye shimo jipya, na pamoja nacho huhamisha minyoo na magonjwa ya mgomba mama. Katika maabara za bioteknolojia za Juja, fundi huchukua chipukizi, akamenya tabaka moja baada ya jingine mpaka abaki na ncha ndogo nyeupe ya ndani kabisa. Ncha hiyo husafishwa, ikawekwa kwenye chupa yenye chakula cha mimea kilichoganda kama jeli, mahali pasipo vijidudu. Inachipua, inakatwa, inagawanywa tena na tena, hadi ncha moja izae miche mingi. Kisha miche huzoeshwa udongo na jua polepole kwenye kitalu kabla ya mkulima kuichukua. Migomba hiyo huanza safi, hukua kwa pamoja na kukatwa kwa pamoja, jambo linalomwezesha mkulima kupanga na mnunuzi lori zima badala ya mikungu miwili mitatu.

Juja haikuishia kuwa mradi wa nchi mbili. Mwaka 2000 Kenya, Uganda na Tanzania ziliungana na Japani kuunda AICAD, taasisi ya kuendeleza ujuzi yenye makao hapohapo chuoni, ili utafiti wa vyuo vya nchi hizo tatu uwafikie wakulima na mafundi wa mashinani. Umoja wa Afrika nao ukaweka Juja taasisi ya sayansi na teknolojia ya Chuo Kikuu cha Afrika, ambayo huwaleta wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka pembe zote za bara. Wachina hawakukaa mbali: kupitia Chuo cha Sayansi cha China, walijenga ndani ya bustani ya mimea ya JKUAT kituo cha pamoja cha utafiti kinachojulikana kama SAJOREC, ambako watafiti wa Kenya na wa Wuhan wamekuwa wakiorodhesha mimea ya Kenya. Mataifa mawili ya Asia yasiyoaminiana sana huko kwao yanafanya kazi ndani ya ua mmoja wa Juja. Hilo liliwezekana kwa sababu mwenye ua ni Mkenya.

Siasa kubwa ya dunia imepita karibu na hapa kuliko watu wanavyodhani. Agosti 2016 mkutano wa TICAD, ambao Japani huuandaa na viongozi wa Afrika, ulifanyika Nairobi, mara ya kwanza nje ya Japani. Hapo ndipo Waziri Mkuu Shinzo Abe alipozungumzia bahari mbili, ya Hindi na ya Pasifiki, kama eneo moja linalopaswa kuwa huru na wazi. Washington ikalichukua wazo hilo likawa sera yake, na Mei 2018 jeshi la Marekani likabadilisha jina la kamandi yake ya Pasifiki kuongeza bahari yetu ya Hindi. Sera ambayo leo inaongoza mashindano ya Marekani na China ilitangazwa jijini Nairobi, na wataalamu wa New York na Tokyo wameiandikia vitabu. Kenya, iliyotoa ukumbi, imeiandikia machache.

Thika ina kisa chake, nacho ni cha njugu.

Makadamia asili yake ni Australia. Wamarekani waliigeuza kuwa biashara kubwa huko Hawaii. Kenya iliingia mwaka 1946, mlowezi Bob Harries alipoleta mbegu kutoka Australia na kuzipanda katika shamba lake karibu na Thika. Kwa miaka mingi mti huo ulibaki pambo la mashamba ya wazungu. Aliyeubadilisha kuwa riziki ya wakulima wadogo ni Mjapani, Yoshiyuki Sato. Alikuja Afrika kusoma Ghana enzi za Kwame Nkrumah, kisha akafika Thika kufanya kazi Kenya Toray Mills, kiwanda cha nguo cha Wajapani. Wenzake waliporudi kwao, yeye alibaki. Katikati ya miaka ya 1970, pamoja na Pius Ngugi, akaanzisha Kenya Nut Company mjini Thika, ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa wasindikaji wakubwa wa makadamia duniani. Baada ya zaidi ya miaka 30 aliiacha mikononi mwa Wakenya.

Njugu hii ni ngumu kuvunja kuliko zote zinazouzwa dukani. Chini ya ganda la kijani kuna kifuu cha kahawia ambacho hulihangaisha jiwe la jikoni. Ndani yake ndimo mna punje ya rangi ya maziwa. Kiwandani kifuu hukaushwa kwanza mpaka punje inywee na kujitenga na ukuta wake, ndipo mashine ivunje bila kuisaga. Kisha punje hutiwa majini. Iliyokomaa ina mafuta mengi, asilimia 72 au zaidi, hivyo huelea. Iliyochumwa mbichi huzama. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, husimama kando ya ukanda unaopita wakitoa kwa mkono kila punje yenye doa. Nzima na nyeupe huenda daraja la kwanza, vipande huenda kwa watengenezaji wa biskuti na chokoleti.

Sasa tazama siasa iliyomo ndani ya punje hiyo. Wanunuzi wa Marekani, Japani na Ulaya hupenda makadamia iliyovunjwa. China kuna soko kubwa la njugu zikiwa na kifuu chake, zinazochanwa mstari, kukaangwa na kuuzwa na kijifunguo cha kufungulia. Mnunuzi wa soko la China anapotuma mabroka vijijini Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru, hulipa taslimu na hachagui sana. Mkulima hufurahia bei. Lakini njugu huanza kuchumwa kabla hazijakomaa, punje zinazama majini, viwanda vya Thika vinakosa kazi, na mnunuzi wa Marekani anaanza kulalamikia ubora. Kwa sababu hiyo Kenya ilipiga marufuku kusafirisha makadamia ghafi mwaka 2009, na sheria ya kilimo ya 2013 ikaitia nguvu.

Halafu bei ikaanguka. Kilo ambayo mkulima aliizoea kwa zaidi ya shilingi 100 ilishuka mwaka 2023 hadi chini ya 50 katika sehemu nyingi. Wakulima walidai soko la China lifunguliwe, na Novemba mwaka huo serikali ikaiondoa marufuku kwa mwaka mmoja. Wasindikaji walipinga vikali. Kila upande una haki yake: mwenye miti mitano nyuma ya nyumba anataka ada ya shule, na mama wa ukanda wa kuchagulia anataka kiwanda kisifungwe. Kinachoumiza ni kwamba mjadala uliendeshwa kwa kubahatisha. Mkulima wa Gatanga alihitaji kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, familia ya Guangzhou hununua njugu msimu gani na kwa nini. Mwokaji wa California hupanga oda zake miezi mingapi kabla. Australia na Afrika Kusini zilipanda miti kiasi gani miaka kumi iliyopita. Maarifa hayo yapo. Yako Beijing, Canberra na Washington, kwa watu wanaolipwa kuyakusanya.

Hapo ndipo pengo linapoonekana wazi. Mei 2024 Rais William Ruto alipokewa kwa heshima zote Ikulu ya Marekani, na Kenya ikatajwa mshirika mkuu wa kijeshi wa Marekani nje ya NATO. Aprili 2025 alikuwa Beijing akiinua uhusiano na China kwa daraja jingine. Katika miezi hiyohiyo Marekani ililivunja shirika lake la USAID, lililofungwa rasmi Julai 1, 2025, na miradi mingi ya Kenya iliyotegemea fedha hizo ikasimama kwa ghafla. Wauguzi, walimu na watafiti wakarudi nyumbani na barua za kusitishwa kazi. Taifa linalosafiri kati ya miji hiyo miwili linahitaji watu wake wenye kujua, kwa kina na kwa miaka mingi, wenyeji wanafikiria nini.

Anayesema kuzisoma nchi nyingine kwa namna hii kunataka fedha za akina Rockefeller asahihishwe kwa upole. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, mwana wa Kenya aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya Field mjini Chicago, alikwenda kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na mwaka 2013 yeye na mwenzake wakatangaza kuwa wamepata sarafu ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala tangu 1402 hadi 1424, ndogo, yenye tundu la mraba katikati. Kikundi kidogo cha wachimbaji, makumbusho ya Marekani yenye ari, mtafiti anayeijua pwani yake: hao ndio waliotoa ushahidi wa uhusiano wa China na pwani ya Kenya katika karne ya 15.

Ukanda wa Thika una karibu kila kitu kinachohitajika. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina walimu na wahitimu wa Kichina. Juja ina wasomi walioishi Japani miaka minne, sita, na wanaojua jinsi uamuzi unavyofikiwa katika ofisi ya Tokyo. Thika mjini kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya, na kuna familia za Kigujarati ambazo zimefanya biashara na Mumbai na Leicester kwa vizazi, zenye ndugu New Jersey na Toronto. Wapo waliorudi kutoka Minnesota na Texas na kununua viwanja Ruiru. Kwa sasa watu hao wanakutana kwenye harusi na kwenye foleni ya benki. Hakuna sababu wasikutane kwenye chumba kimoja kila mwezi, wawe na maktaba ndogo, jarida la Kiswahili linaloeleza soko la makadamia na masharti ya mikopo ya barabara, na mwaliko wa kudumu kwa mkulima, mwenye matatu na diwani waje kuuliza maswali.

Fedha zake zitoke wapi ni jambo la kuamuliwa mapema, kwa kuwa historia ya Institute of Pacific Relations na ya USAID imeonyesha jinsi wafadhili wanavyoweza kuzima taa wanapoondoka. Michango midogo ya wasindikaji, vyama vya ushirika, vyuo na wafanyabiashara ingelipa mhariri mmoja na watafiti wawili wa kuanzia. Mfadhili wa nje angekaribishwa, mradi asizidi wengine.

Kazi ya kwanza haina hata haja ya kusubiri ofisi. Walimu wa kizazi cha kwanza cha Juja, waliokwenda Japani miaka ya 1980 na kurudi na shahada zao, wamefikia umri wa kustaafu. Wanajua mikataba ilivyojadiliwa, vifaa gani vilikataliwa na kwa nini, Mjapani alikuwa akisema nini alipotaka kusema hapana bila kulitamka neno hilo. Vijana wa uandishi wa habari wa Thika na Ruiru wakichukua simu zao na kwenda kuwarekodi Jumamosi moja baada ya nyingine, kabla wazee hao hawajatawanyika kwenda kuishi mashambani kwao, watakuwa wamekusanya darasa la kwanza.